Mikono Miwili ya Rangi

Gari lilishaanza kutembea, na Bi Fakhriya wa ghorofa ya pili alikuwa bado anakimbia nalo ubavuni, mtandio umemshuka mabegani, chetezo cha udi mkononi, anataka lazima moshi uingie kwenye dirisha la nyuma.

“Ondoa moto huo!” Awadhi alifoka kutoka kiti cha mbele. “Humu mna oksijeni, Fakhriya! Unatusindikiza au unatulipua?”

“Safari bila udi, Awadhi? Tangu lini?”

“Fukiza huko kwenye buti. Nyuma, nimesema!”

Bi Fakhriya akafukiza buti, akafukiza na tairi, kisha akabaki kivuli tu katikati ya Mtaa wa Sikukuu, maana umeme ulikatika tangu usiku na Kariakoo yote ilikuwa giza kama ndani ya gunia. Adhana ya alfajiri ilikuwa imetoka kitambo kidogo. Hamis, mlinzi wa maduka, tochi mkononi, akalipiga gari makofi mawili ya heri.

“Linang'aa, mzee! Tanga watadhani anakuja bwana harusi!”

Siku nyingine Awadhi angesimamisha gari, amfungulie Hamis boneti aone kwamba na ndani nako kunang'aa. Alikuwa na miaka arobaini anauza rangi Kariakoo, na mwenye kuuza rangi hawezi kukiona chuma kikiwa uchi akalala. Kila mwaka, kumi la mwisho la Ramadhani, wenzake wakinunua nguo za watoto, yeye hupaka. Alipaka kuta, mlango, vyuma vya ngazi, mpaka makopo ya maua ya Bi Fakhriya. Mwaka huu mkewe alikuwa amelazwa wiki tano, nyumba imekuwa kimya hata hakujua aanzie wapi, akashuka chini akapaka ndani ya boneti. Alitumia rangi ya meli, ya kijivu, ile anayowasifia wateja kwa maneno yale yale kila siku: haipitishi maji, haipitishi hewa, haipitishi chumvi.

Lakini leo hakuwa na muda wa boneti. Kiti cha nyuma, amezungukwa na mito, alikaa mkewe Badria, mpira puani, na miguuni pake mashine ya oksijeni inanguruma. Mapafu ya Badria yalikuwa yamekauka. Ndivyo daktari alivyomweleza, akamruhusu kwenda nyumbani kwa sharti moja, mashine isizimwe. Kwa ajili ya safari hii walifungiwa inveta, kijisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Gari likichaji, inveta inafanya kazi, mashine inapumua, na Badria naye anapumua. Kulikuwa na mtungi mmoja mdogo wa akiba, nao haukujaa sawasawa, maana ulitumika tangu umeme ulipokatika.

Wote walijua kwa nini wanaondoka na hali hiyo. Dada yake Badria, Sitara, alikuwa kitandani Tanga, siku ya nne hajala. Jana jioni Rawan, binti wa Sitara, alipiga simu akasema mama yake anauliza jambo moja tu: Badria amefika? Hao wawili walilelewa na bibi mmoja, kwenye kitanda kimoja, na kwa miaka mitatu hawakuonana, mara huyu mgonjwa, mara yule.

“Saa sita mchana tuko Tanga,” alisema Nawal, binti yao, ambaye ndiye aliyeshika usukani. Alikuwa amekuja kutoka Mwanza siku sita tu zilizopita. “Mama, uko sawa?”

“Niko sawa. Endesha.”

Walipofika usawa wa Mnazi Mmoja, Nawal alipunguza mwendo na kuinamia kioo.

“Baba, hizi taa zina nini?”

Awadhi alikuwa ameshaona. Mwanga ulikuwa unapepesa juu ya lami. Unafifia, unarudi, unafifia tena, kama mtu anayesinzia na kushtuka. Macho yake hayakupenda giza, kwa hiyo tangu sikukuu gari lilitembea mchana tu, nyumbani na hospitali, hospitali na nyumbani. Taa hazijawashwa hata mara moja.

“Barabara mbovu,” alisema.

“Barabara ni lami, Baba.”

Ndipo inveta ikalia. Sauti nyembamba, ti-ti-ti-ti, na kitaa chake kikageuka chekundu. Mashine ikakohoa mara mbili na kunyamaza.

Hakuna kimya kibaya kama kile. Awadhi aligeuka, goti likagonga dashibodi, akanyoosha mkono kwenye mtungi, lakini Badria alikuwa amekwisha kuufikia yeye mwenyewe na anafungua koki kwa vidole viwili, taratibu, kama anayefungua chupa ya marashi.

“Msinipigie kelele,” alisema. “Napumua.”

Nawal alisimamisha gari pembeni ya uwanja. Aliwasha taa ya simu akaangalia geji ya mtungi. Mshale ulikuwa nusu.

“Tunaenda hospitali,” alisema. “Iko hapo tu, Upanga. Dakika tano.”

“Ukinirudisha kule,” Badria alisema, akapumzika kidogo kwanza, “watanilaza. Wakinilaza, Sitara simwoni.”

“Mama, bila umeme—”

“Simwoni tena, Nawal.”

Nyumbani umeme hakuna. Hospitali upo, lakini safari inaishia mlangoni. Awadhi alitazama kushoto, upande wa Upanga, akatazama kulia, upande wa Gerezani, kuliko na mafundi wa magari.

“Gerezani,” alisema. “Fundi aangalie. Mara moja tu.”

Nawal alivuta pumzi. “Sawa. Lakini tuelewane, Baba. Mshale ukigusa nyekundu, hakuna maneno. Nambeba Mama nampeleka hospitali, hata kwa bajaji.”

“Tumeelewana.”

“Mama?”

“Nimesikia,” alisema Badria. “Geuza gari basi, mbona umeganda?”

Gerezani ilikuwa inaamka. Basi la kwanza la mwendokasi lilipita na watu wachache wamelalia vioo. Kwenye uchochoro wa spea, mabati yote yalikuwa bado yamefungwa, palikuwa na mtu mmoja tu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani ingawa joto lilikuwa limeshaanza, anapiga mswaki juu ya mtaro. Alipoona taa zinapepesa alitema povu akaja mbio.

“Alteneta hiyo!” alisema kabla ya salamu. “Shikamoo mzee. Alteneta imekula kona, betri haichajiwi. Mimi naitwa Shomari, uliza yeyote hapa. Ninayo moja ya Dubai, bado ina mafuta ya kiwandani, nakufungia sasa hivi.”

“Marahaba. Wewe ni fundi umeme?”

“Mimi ni mtu wa spea. Mtu wa umeme ni Eva, anakuja. Lakini hata Eva atakwambia hivyo hivyo.”

Walimngoja Eva dakika ishirini. Awadhi alizihesabu zote. Alikuwa anakwenda mpaka mwisho wa uchochoro anarudi, kila akirudi anachungulia dirishani, na kila akichungulia mshale umesogea, au macho yake yanamdanganya. Simu ikalia. Rawan.

“Baba Awadhi, Mama anauliza mmefika wapi.”

“Tuko njiani, mwanangu.”

Hakusema uongo. Gerezani nako ni njiani.

Eva, jina lake kamili Evarista, alikuja kwa miguu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ovaroli la bluu, mita ya umeme inaning'inia shingoni kama kitambulisho. Alimwamkia Awadhi, akainama dirishani akamwamkia na Badria, akaona mpira na mtungi, na kuanzia hapo hakupoteza neno.

“Muda gani?” alimuuliza Nawal.

“Nusu saa labda. Pungufu.”

“Eva, usijisumbue na hiyo mita,” Shomari alisema, alteneta yake ameikumbatia kama mtoto. “Ni hii tu.”

“Shomari, hata mtu akija na jino linamuuma utamuuzia alteneta. Dada, washa gari. Washa taa zote.”

Nawal aliwasha. Kwenye ukuta wa bati mbele yao taa zilianza kucheza, zinazama, zinaibuka. Evarista alifungua boneti akagusisha sindano mbili za mita kwenye vichwa vya betri.

“Volti kumi na nne na kidogo. Inachaji. Alteneta nzima.”

“Nzima sasa hivi,” alisema Shomari. “Ikipata moto inageuka, kama mke wa pili.”

“Nani ameligusa hili gari karibuni?” Evarista aliuliza bila kuinua kichwa. “Nani kafungua waya wowote?”

“Aliyefunga inveta, juzi,” alisema Awadhi. “Mwingine hakuna.”

Kwa akili yake alikuwa anasema kweli. Kupaka rangi si kugusa. Kupaka rangi ni kulinda.

Basi Evarista akaiendea kazi ya huyo aliyefunga inveta. Alilala kifudifudi kwenye sakafu ya gari, kichwa chini ya kiti, bega likiwa juu ya kandambili za Badria.

“Samahani, mama.”

“Samahani ya nini? Wewe ndiye uliyelala chini kwa ajili ya miguu yangu.” Badria alipumzika. “Una watoto?”

“Wawili.”

“Wanajua mama yao anafufua magari?”

“Wanadhani nauza magari. Wanataka moja.”

Badria alicheka, na kicheko kikamgharimu. Alifumba macho mpaka kifua kikatulia. Awadhi, mkono kwenye mlango, aliutazama mshale. Robo na kidogo.

“Hapa kumi na moja haifiki,” sauti ya Evarista ilitoka chini ya kiti. “Kule kumi na nne, hapa kumi na moja. Tatu zinapotelea njiani.”

Akaanza kuzitafuta. Alifunua zulia, akaufuata waya mwekundu kutoka inveta mpaka mbele, akafungua fyuzi, akaisugua, akairudisha. Waya mwekundu ulikuwa safi. Akarudi kwenye mweusi. Mweusi haukwenda mbali. Ulifungwa kwenye bolti ya kiti, kwenye chuma cha gari.

“Huu umeshika bodi. Wengi wanafanya hivi, haina shida, bodi ikiwa imeshikana na betri vizuri. Ngoja nione huko mbele inashikiana wapi.”

Alirudi kwenye boneti. Kulikuwa kunapambazuka, kijivu cha angani na kijivu cha ndani ya boneti vilikuwa vinafanana. Aliweka sindano moja kwenye betri, nyingine akaigusisha kwenye bodi, karibu na taa. Mita haikusoma kitu. Akasogeza. Haikusoma. Akasogeza tena.

“Rangi nzuri hii,” alisema. “Haipitishi kitu.”

Awadhi alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika kinywa cha mtu mwingine.

Kwa sababu alikumbuka. Kulikuwa na waya mmoja mweusi, mnene, uliotoka kwenye betri ukafungwa pembeni ya taa, mbele kabisa ya macho, umekaa vibaya. Yeye mwenyewe aliufungua. Tundu la bolti akaliziba kwa puti, akalisugua likawa laini. Akautafutia waya ule mahali pa heshima, chini ya sahani ya betri, pasipoonekana. Akapaka kwanza. Mkono wa kwanza, akangoja ukauke. Mkono wa pili, akangoja siku nzima. Kisha ndipo akaufunga waya juu ya rangi iliyokauka, akakaza kwa nguvu zake zote, akarudi nyuma hatua tatu akatazama kazi yake na kuipenda.

Haipitishi maji, haipitishi hewa, haipitishi chumvi. Ilikuwaje asijiulize kama inapitisha umeme?

“Gari za aina hii waya mweusi hushika hapa,” Evarista alikuwa anasema, kidole juu ya mahali palipozibwa. “Hapa hakuna hata tundu. Laini kabisa.” Aliinua uso. “Mzee, hii rangi ni ya kiwandani?”

Nawal alimtazama baba yake. Shomari alimtazama. Miaka arobaini Awadhi alikuwa amengoja mtu ajuaye vyombo aitazame kazi yake na kuuliza swali hilo.

“Ya kiwandani,” alisema.

Neno lilitoka lenyewe. Alitaka kulirudisha na akaona watu wanavyomtazama, binti yake, mtu wa spea, fundi mwenye umri wa binti yake, akashindwa.

“Haya,” Evarista alisema, polepole. “Basi hizi wameziunda tofauti. Bodi itakuwa inashikia kwenye injini, huko nyuma ya alteneta. Sipafikii bila kuitoa.”

“Nilisema nini mimi?” Shomari alikuwa ameshachukua spana.

“Muda gani?” Nawal aliuliza.

“Kuitoa na kuirudisha, dakika arobaini.”

“Hatuna arobaini.”

“Najua, dada.”

Awadhi aligeuka, asitazamwe, na macho yake yakaangukia dirisha la nyuma. Kioo kilikuwa chini. Badria alikuwa anamtazama.

Alikuwa amesikia yote. Na Badria alijua. Wiki ile ile ya mwisho ya Ramadhani, akiwa kitandani hospitali, alimwona mumewe akija na kijivu kwenye kucha, siku tatu mfululizo, akamwambia siku moja utanipaka na mimi. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha: Baba Nawal, si uliipaka wewe? Hakulisema. Alikaa na mpira wake puani, mikono juu ya mapaja, na akateremsha macho yake chini, kama mwanamke wa heshima anavyoteremsha macho mumewe anapojikwaa mbele za wageni. Pumzi zilikuwa zake zile zinazokwisha, na dada alikuwa wake, na bado hakulisema.

Spana ya Shomari ililia juu ya nati ya kwanza.

“Acha,” alisema Awadhi.

“Mzee?”

“Acha hiyo nati. Rangi ni yangu.”

Shomari alitazama kijivu kile, akamtazama yeye. “Ati?”

“Nimeipaka mimi. Ya kiwandani ni uongo. Waya upo, niliuhamisha. Uko chini ya betri.”

Evarista alimkazia macho. “Na chini ya waya?”

“Nilipaka.”

“Kabla ya kufunga?”

“Kabla.”

“Mikono mingapi?”

“Miwili,” alisema Awadhi, na hakuna siku aliyowahi kuitamka idadi hiyo kwa aibu kama ile. “Niliacha siku nzima ikauke.”

“Baba!” Nawal alisema.

“Shomari, spana namba kumi,” alisema Evarista. “Betri inatoka. Zima gari, dada.”

“Ukitoa betri hatutoki hapa!” Nawal alisema. “Mshale umekaribia.”

“Dakika saba. Nipe saba.”

Nawal alikimbia mpaka mwisho wa uchochoro akarudi na bajaji, dereva amesimama tayari, injini inadunda. Akafungua mlango wa mama yake, akapiga magoti, kichwa karibu na geji. Awadhi hakuweza kwenda kutazama. Betri ilikuwa imetoka, sahani yake imetoka, na pale chini ulikuwepo waya wake, umekaa juu ya kijivu, nadhifu kama pete. Evarista aliukamata akautikisa. Ulikuwa umekaza kabisa. Aliufungua. Chini yake rangi ilikuwa imeungua alama nyeusi, duara, kama chapati iliyoachwa.

“Ulikuwa unapitia kwenye meno ya bolti tu,” alisema. “Kidogo kidogo. Mzigo ulipozidi, ikachemka. Nipeni kisu.”

“Kisu hakifai,” alisema Awadhi. “Rangi hii kisu hakifai.”

Aliingiza mkono mfukoni. Mtu wa rangi hakosi kipande cha msasa mfukoni, hata akienda msibani. Alimsogeza Evarista kwa kiwiko, akainama, akaanza kusugua. Mkono wa pili ulitoka kama vumbi. Wa kwanza ulikataa. Alisugua, jasho linamwingia machoni, vidole vinagonga chuma, na hakuwahi kuichukia bidhaa yake kama alivyoichukia dakika ile. Aliuona ubora wake wote. Haikutaka kutoka.

“Baba,” sauti ya Nawal. “Umegusa.”

“Bado kidogo.”

“Umegusa nyekundu, Baba. Tumeelewana.”

“Nawal,” ilikuwa sauti ya Badria sasa, nyembamba. “Msubiri baba yako.”

“Mama, tumeelewana!”

“Mtungi haufi kwa kugusa. Msubiri.”

Dereva wa bajaji alipiga honi fupi. Shomari akamgeukia: “We naye! Unaona watu wanacheza bao hapa?”

Chuma kilitokea. Kwanza ukucha mmoja mweupe, kisha sarafu, kisha duara zima, linang'aa kama meno. Awadhi alikuwa bado anasugua, Evarista akamshika mkono.

“Inatosha, mzee. Inatosha.”

Waya ukarudi, bolti ikakazwa, sahani, betri, kichwa chekundu, kichwa cheusi. Nawal aliruka kwenye usukani. Injini ilishika mara ya kwanza. Akawasha taa.

Wote walitazama ukuta wa bati. Maduara mawili ya mwanga yalikuwa yamesimama, hayatingishiki, ingawa kulikuwa kumeshapambazuka na mwanga wenyewe ulianza kumezwa na mchana. Evarista hakutazama muda mrefu. Alikwenda chini ya kiti na mita.

“Kumi na tatu na nusu,” alisema. “Washa inveta.”

Kitaa kilikuwa chekundu. Kikabaki chekundu muda wa mtu kumeza mate. Kikageuka kijani. Mashine ikakohoa mara mbili na kuanza kunguruma, na Nawal akahamisha mpira kutoka mtungini kwenda kwenye mashine, akalikosa tundu lake mara mbili kwa haraka.

Walikaa pale robo saa, taa zote zimewashwa, feni imewashwa, kila kitu kimewashwa, wanasikiliza tu. Evarista alipima kila baada ya dakika tano. Alipotosheka, alifunga boneti kwa kiganja.

“Mkifika Tanga, msipake,” alisema.

“Sipaki.”

“Paka mafuta ya grisi kidogo juu ya bolti, yanatosha. Rangi weka nyumbani.”

“Lakini kazi safi,” Shomari alisema, ameikumbatia tena alteneta yake. “Kusema kweli ya Mungu, mzee, hata mimi ningedhani ni ya kiwandani.”

Walilipana, wakaagana. Dereva wa bajaji naye alipewa chake, akalalamika kwamba kaahidiwa mgonjwa.

Walikuwa wameshapita Upanga, mji umeanza kujaa, Awadhi alipogeuza uso nyuma.

“Ulijua,” alisema.

“Nilijua.”

“Mbona hukusema?”

Badria alitazama nje, kwenye nyumba zinazopita.

“Ulishasema ya kiwandani,” alisema. “Nikukanushe mbele za watu?”

Awadhi alifungua simu akampigia Rawan, akamwambia amwambie mama yake kwamba wamechelewa, kosa ni lake, lakini wanakuja.

Walifika Tanga saa nane mchana. Sitara alimtambua mdogo wake, akamlaumu kwa kuchelewa, akaomba uji. Waliwekewa vitanda viwili chumba kimoja, kisha wakavisogeza vikawa kimoja. Sitara aliishi siku kumi na moja. Badria alikaa Tanga mpaka arobaini ikapita, akarudi Kariakoo kwa gari lile lile, na akafariki mwaka uliofuata, mwezi wa Shaabani, nyumbani, umeme ukiwepo. Nawal alirudi Mwanza na huwa anapiga simu kila Ijumaa. Rawan aliolewa Pangani. Bi Fakhriya alihamia kwa mwanawe Upanga na chetezo chake. Evarista yuko Gerezani pale pale. Kibanda chake sasa kina mlango wa kijivu ambao Awadhi alikwenda kuupaka mwenyewe bila kuitwa. Shomari aliiuza ile alteneta kwa mtu wa Temeke, ikarudishwa, akaiuza tena. Mwaka ule Badria alipofariki, kumi la mwisho la Ramadhani, Awadhi hakupaka kitu. Mwaka uliofuata alipaka mlango na vyuma vya ngazi. Gari bado analo. Chini ya betri kuna duara la chuma kitupu, lina kutu kidogo pembeni, naye hupakaza grisi.